Rimu Haipozwi kwa Ndoo ya Maji

Rimu zenyewe hazijawahi kunitia hasira. Naanza na hilo, vijana wangu, kwa sababu nyie mnaonijua kanisani mnadhani nilikuwa fundi mpole. Waliopita gereji yangu pale Mpanda miaka ya tisini wanajua kwamba zilikuwepo siku nilizotoka nje, nikazunguka nyumba, nikasali Baba Yetu mpaka mwisho, ndipo nikarudi kuzungumza na mteja. Rimu iliyopinda haibishani na mtu. Ukiipa joto lake na muda wake, itarudi. Mwenye rimu ndiye mtihani. Nimeungama hasira kuliko dhambi nyingine yoyote, na safari moja padre alishindwa kujizuia akacheka, maana wiki ile ile yeye mwenyewe alikuwa ameniletea rimu, akawa anachungulia mlangoni kuuliza kama imekwisha.

Magari mengi yaliyofika kwetu wakati ule yalikuwa na rimu za chuma. Rimu ya chuma haina matata. Ikigonga jiwe inabonyea, unailaza chini, unaipiga nyundo, mtu anaondoka. Kisha yakaanza kuja magari yenye rimu za aluminiamu, zile zinazong'aa, tukaziita rimu za spoti. Zilitengenezwa kwa ajili ya lami, na sisi lami tulikuwa tunaisikia redioni. Mtu anatoka Dar es Salaam na gari lake limepambwa miguu kama bwana harusi, anafika kwetu masika, anakutana na mawe ya njia ya Karema, na kesho yake yuko mlangoni kwangu na rimu ina mdomo uliokunjika kama sikio la mbuzi. Swali lake la kwanza ni hili: "Fundi, itachukua muda gani?" Hakuna aliyewahi kuniuliza kwanza kama itapona.

Aliyenifundisha kazi hiyo ni Mzee Rajabu, Mmanyema aliyehamia kwetu kutoka Ujiji, mtu wa swala tano na maneno machache. Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha makatekista, najua kufundisha watoto amri za Mungu, sijui kushika koleo. Alinipokea akaniambia, "Katekista, wewe umezoea kusubiri Ufalme wa Mungu. Basi rimu haitakushinda."

Somo lake la kwanza lilikuwa la sabuni. Chuma kinakuonya, alisema. Kikipata moto kinakuwa chekundu, unajua sasa kipige. Aluminiamu haisemi kitu. Inabaki na rangi yake ile ile, wewe unaona bado, unachochea mkaa, na ghafla inadondoka jikoni kama uji. Kwa hiyo unachukua kipande cha sabuni ya kufulia, unachora mstari mahali palipopinda, ndipo unaanza kuipasha. Mstari ukiwa kahawia kama chai ya rangi, piga. Ukiwa mweusi umepitiliza, ondoa moto. Wanawake waliokuwa wakipita kwenda sokoni walituona tunapaka sabuni rimu na kuiweka jikoni, wakaulizana sisi tunafua au tunapika.

Somo la pili, nyundo. Usiiguse aluminiamu kwa nyundo ya chuma. Sisi tulikuwa na nyundo ya mninga, na kipande cha gogo kilichochongwa kufuata mviringo wa rimu. Unapiga kidogo, unaizungusha kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu, ya gari bovu tuliyoichomelea kwenye nguzo, unashikilia chaki karibu na ukingo. Pale chaki inapogusa ndipo palipochomoza. Unapasha tena, unapiga tena. Siku hizi mna mashine inayowaonyesha hayo kwa taa. Itumieni, Mungu awabariki, lakini mjue mashine inaonyesha mahali, haiwapi subira.

Somo la tatu ndilo lililonifanya niandike haya. Rimu ikishanyooka, iache ipoe yenyewe. Mzee Rajabu alikuwa anaitundika ukutani, anachukua birika lake la udhu, anakwenda kuswali Adhuhuri. Akirudi, anaikuta tayari. "Rimu inapoa kwa swala," alisema. Alipozeeka akaniachia gereji, mimi nikawa napoza kwa rozari, mafungu yote matano. Alikuja kunitembelea akaniambia rozari yangu ni ndefu mno kwa wateja. Nikamwambia rimu haijalalamika.

Lakini wateja walilalamika. Ee, walilalamika.

Kulikuwa na tingo mmoja, msaidizi wa dereva, wa Kabungu, ambaye tajiri yake alimwagiza azing'arishe rimu za gari kwa ajili ya Pasaka. Kijana akafanya kama mama yake alivyomfundisha kuosha sufuria: mchanga, majivu na gunzi la muhindi. Ziling'aa kweli. Tajiri akazunguka nazo mjini Jumapili nzima. Masika hayajaisha, zikaanza kutoka vidoa vyeupe na vishimo, maana yule kijana alikuwa amekwangua rangi na vanishi yote iliyokuwa inazilinda. Tajiri akaniletea akisema, "Fundi, rimu zangu zimepata ukurutu." Nilikaa na msasa wa maji, ule mkali kwanza, kisha laini, kisha laini zaidi, mpaka vidole vikapoteza alama. Nikapiga rangi ya fedha, nikapiga vanishi. Nikamkabidhi tingo kitambaa laini na sabuni, nikamweleza polepole. Alinisikiliza kwa adabu sana. Mwezi uliofuata nilimkuta kisimani, amechuchumaa mbele ya gurudumu, na gunzi mkononi.

Mwingine alitandika rimu barabarani akaikanyagisha lori ili inyooke. Ikanyooka upande mmoja, ikapinda upande wa pili. Alipoileta alitaka kwanza niusifie ule upande ulionyooka.

Hao wote niliwasamehe jioni ile ile. Aliyenichukua miaka ni Krisanti.

Krisanti tuko naye jumuiya moja mpaka leo, na atakayemsomea haya amsalimie. Wakati ule alikuwa akinunua samaki, migebuka na dagaa, Karema kando ya ziwa na kuwauza Mpanda, na Mungu alimjalia akanunua gari zuri lenye rimu za spoti nne. Tairi ya akiba ilikuwa na rimu ya chuma, nyeusi, isiyo na pambo. Hiyo ya chuma alikuwa haipendi hata kuiona. Aliifunika kwa gunia.

Binti yake mkubwa, Veneranda, alipata mchumba Karema. Harusi ikapangwa Jumamosi, misa kule kule ziwani, na gari la baba ndilo litakalompeleka. Siku ya Alhamisi Krisanti akagonga jiwe. Alinifikia asubuhi ya Ijumaa akiibeba rimu kifuani kama mtoto mwenye homa. Mdomo wa ndani ulikuwa umekunjika, lakini nilikuwa nimeona vibaya zaidi ya hapo. Nikamwambia, "Baba Vene, hii itapona. Kesho alfajiri utaichukua."

"Leo mchana," akasema.

"Kesho alfajiri."

Akaketi kwenye kigoda kunilinda. Nikachora sabuni, nikapasha, nikapiga, nikazungusha, nikapasha tena. Ilikubali vizuri sana. Nikaitundika ukutani, bado ikiwa ya moto kiasi cha kukaanga yai, nikatoa rozari mfukoni, nikatoka kwenda kukaa kivulini nyuma ya nyumba. Sijamaliza hata fungu la pili nikasikia mlio. Nyie mnaofanya kazi hii mnaujua. Ni kama mtu kavunja kijiti kikavu, lakini unausikia tumboni.

Nilirudi ndani. Krisanti amesimama na ndoo tupu, mvuke umejaa gereji, maji yanatiririka mpaka mlangoni. Na anatabasamu.

"Nimekusaidia," akasema. "Imeshapoa."

Nikamuuliza, kwa sauti ambayo niliiungama baadaye, ni nani aliyemtuma.

"Katekista, wewe umesomea dini. Baba yangu kule Ufipa alikuwa mhunzi, na babu yangu alikuwa mhunzi. Jembe likitoka motoni linazamishwa majini, linakuwa gumu. Nimezaliwa kwenye moto mimi. Unataka kunifundisha moto?"

Na hapo ndipo penyewe, vijana. Alichokisema kuhusu jembe kilikuwa kweli. Wazee wake walijua kazi yao, na majembe yao yamelimisha nchi nzima. Lakini rimu ya aluminiamu si jembe. Imemiminwa kwenye umbo, na hiyo ilikuwa imetoka kugongwa na jiwe, ndani yake inauma. Ukiimwagia maji ghafla, nje inajikunja na ndani bado imetanuka. Nilimweleza hayo. Akaniambia ninaongea kama ninahubiri.

Nikaipaka mafuta ya taa sehemu ile, nikaacha yanywewe, nikafuta mpaka pakavu, nikapaka unga wa chaki. Mafuta yaliyoingia kwenye ufa hayafutiki na kitambaa. Yanarudi juu taratibu na kuchora mstari kwenye chaki. Tukasubiri. Mstari ukatoka mwembamba, unaanzia mdomoni unapanda kuelekea kwenye mkono wa rimu.

"Huo ni unyevu tu," akasema Krisanti.

"Huo ni ufa. Rimu hii haiendi barabarani. Funga ile ya chuma."

"Gari la bibi harusi?" Aliniangalia kama niliyemtukania mama yake. "Miguu mitatu imevaa viatu, mmoja umevaa ndara? Unajua wale watu wa Karema watasema nini? Wataimba, Katekista. Watatunga wimbo."

"Waache waimbe."

"Humwozi wewe."

Akaibeba rimu yake akaondoka. Sikumfuata, nilikuwa nimechoka naye. Jioni akapita gerejini makusudi, gurudumu limeshafungwa kwenye gari, rimu imepigwa rangi ya fedha mbichi inayonuka. Alikuwa amekwenda Shanwe kwa mziba pancha, akatiwa tyubu ndani ya tairi. "Njoo uone," akaniambia. "Haivuji hata kidogo. Mwenzako wa Shanwe ameiponya kwa muda mfupi, tena bila rozari."

Lishikeni hili hata kama mtasahau mengine yote. Rimu ya namna ile tairi yake haina tyubu, kwa hiyo ikipata ufa inavuja, na kuvuja ndiyo sauti yake, ndivyo inavyokuambia ninaumwa. Ukitia tyubu unaiziba mdomo. Upepo hautoki tena, mwenye gari anafurahi, na ufa unaendelea na safari yake kimya kimya mpaka siku ya mteremko. Yule mziba pancha aliletewa rimu inayovuja, akaondoa kuvuja. Simlaumu. Hakuambiwa habari ya ndoo.

Njia ya Karema mnaijua. Inashuka kutoka milimani kwenda ziwani, na kuna kona ambazo ukitazama upande unaona vilele vya miti chini yako. Ndani ya gari lile angekaa Veneranda, na mama yake, na wasimamizi. Veneranda nilimfundisha mimi mwenyewe komunyo ya kwanza. Alikuwa mtoto wa kuuliza maswali. Aliwahi kuniuliza kama malaika mlinzi analala.

Jumamosi kulipopambazuka nilikwenda nyumbani kwao. Gari lilikuwa uani, limefungwa riboni, wanawake wanaimba jikoni. Krisanti alikuwa amevaa suti, anapangusa vioo. Aliponiona na chupa ya mafuta ya taa alijua.

"Leo ni harusi, Katekista. Si siku ya ukaguzi."

"Sikai sana."

"Hutalala chini ya gari langu leo."

Nikalala. Upande wa ndani wa rimu hawakuwa wameupiga rangi, kwa sababu watu hupaka kinachoonekana. Nikapaka mafuta, nikafuta, nikagundua nimesahau chaki gerejini. Nikamwita Mama Vene anipe chochote cheupe. Akaja na kibakuli cha unga wa muhogo, uso umemkunjamana, hajui kama acheke au alie. Krisanti alikuwa amesimama juu yangu, naona viatu vyake tu, vinanung'unika. Alisema ninamwaibisha mbele ya wageni. Alisema nina wivu na mtu wa Shanwe. Alisema mengi mengine, na mimi nilikuwa chini, kokoto zinanichoma mgongoni, unga unaniingia puani, nikamwambia Bwana Yesu kimoyomoyo kwamba kama hii ndiyo subira aliyoihubiri, nimekaribia mwisho wake.

Ndipo nikaona miguu mingine, imevaa kandambili. Veneranda alikuwa ametoka ndani, amejifunga khanga, nywele zimesukwa nusu. Akachuchumaa akachungulia.

"Shikamoo baba. Unafanya nini huko?"

"Marahaba mwanangu. Tazama pale kwenye unga."

Akatazama. "Baba," akamwambia baba yake bila kuinuka, "huu mstari ni wa nini?"

"Kivuli," akasema Krisanti.

Akaingiza mkono, akaufuta kwa kidole. Nikanyunyiza unga mwingine. Tukakaa hivyo, mimi nimelala na yeye amechuchumaa, kuimba kumekoma jikoni. Mstari ukarudi pale pale.

"Kivuli kinafutika na kurudi?"

Krisanti akarudia kupangusa kioo.

"Imepasuka lini?" akaniuliza mimi.

"Muulize baba yako habari ya ndoo," nikasema. Huenda sikupaswa.

Alisimama akajipangusa magoti. Sauti yake haikupanda. "Baba, fungeni ile ya chuma. Kama unaona aibu kwa ndara, mimi nitapanda lori la dagaa, na hiyo rimu yako iende Karema peke yake ikaolewe."

Shangazi zake ndio walioanza kucheka, kisha uani pote. Krisanti akavua koti. Alifungua nati mwenyewe, hakutaka msaada wangu, na kila nati iliyotoka aliitupa chini kama imemkosea. Ila alipoiona ile rimu ya chuma mahali pake, nyeusi kati ya riboni nyeupe, uso wake ulinyauka hata mimi nikamwonea huruma. Mama Vene akaingia jikoni akarudi na mfuniko wa sufuria kubwa la pilau. Nikautoboa pembeni, nikaufunga na waya juu ya rimu. Kwa mbali uling'aa kuliko zile nyingine tatu.

Walinipa nafasi nyuma, pengine ili kama kuna balaa linipate na mimi. Tulishuka milima ile taratibu. Kwenye kona moja dereva alikanyaga mtaro, gari likaruka likatua kwa upande ule ule, kishindo kikapita mpaka kwenye meno. Mama Vene alinishika mkono. Gurudumu lilizunguka likaendelea. Hakuniachia mkono mpaka tulipoliona ziwa.

Karema walitupokea kwa vigelegele, na mbele ya kanisa, watu wote wamejipanga, mfuniko ukakatika waya. Ulitangulia mbele ya gari, ukaviringika peke yake katikati ya njia mpaka miguuni pa wazee wa bwana harusi, ukajizungusha pale, ukalala. Krisanti, aliyeketi kando ya dereva, alifunika uso. Wakaokota mfuniko, wakashangilia, wakasema mwanamke huyu ametanguliza vyombo. Na ndiyo, walitunga wimbo.

Sasa mngetarajia Krisanti alinishukuru. Hakunishukuru, na hilo ndilo nililotaka kuwaambia tangu mwanzo, nyie mnaoingia kwenye kazi hii. Ukinyoosha rimu, mtu anaiona na kukusifu. Ukimzuia mtu asiende na rimu iliyopasuka, hakuna cha kuonyesha. Ajali isiyotokea haina shahidi. Ile rimu Krisanti aliirudisha nyumbani, na ipo mpaka leo nyuma ya nyumba yake, kuku wanalalia. Haijapasuka zaidi, kwa kuwa haijabeba kitu kizito kuliko mayai, na kila mwaka unaopita bila rimu kuvunjika anauhesabu kuwa ushahidi wake.

Mwezi uliopita tulikuwa tumekaa nje ya kanisa baada ya misa. Anatembea kwa mkongojo sasa, na mimi macho yamepungua. Vijana walitupitia wakatusalimu, naye akawaambia kwa sauti, kama kawaida yake, "Huyu mnamwona? Ndiye aliyeliharibia gari langu sura siku ya harusi ya binti yangu. Rimu nzima kabisa. Alitia ndara."

Kwenye bega lake alikuwa ameegemea mtoto wa kike, kitinda mimba wa Veneranda, aliyekuja kumtembelea babu yake. Alikuwa anachora chini kwa mkongojo wa babu. Akauliza, "Babu, kwani ilikuwa na ufa?"

"Haikuwa na ufa."

Nilikuwa na majibu. Nimeyaandaa kwa miaka, mengine makali, mengine yenye aya za Maandiko. Nikamtazama yule mtoto, ana paji la uso la mama yake na maswali ya mama yake, na yote yakaniishia mdomoni.

Alipoona namtazama, alikumbuka adabu, akauacha mkongojo akanijia.

"Shikamoo babu fundi."

"Marahaba," nikamwambia. "Marahaba, mwanangu."